Juu ya nini betri yangu inaangalia tu kombora ikipita? Kutafuta tatizo mu Command: Modern Operations

Malalamiko juu ya Command: Modern Operations, mchezo wa vita wa ku kompyuta, ni ile ile kila mara. Muntu ameweka S-300 yake (betri ya Urusi ya makombora ya kulinda anga) mahali pazuri, rada inazunguka, lanseri zimejaa, adui anatuma kombora moja tu ya kruzi, na betri inaangalia. Kombora inapita, inapiga uwanja wa ndege, na mwenye mchezo anakuja kutuambia siye hapa Lubumbashi asema Command iko na kasoro. Siku ingine ni kinyume: manowari inatapika makombora kwa kitu moja ya mbali sana, kisha nusu saa shambulizi ya kweli inafika na haiko tena na kitu ya kujikinga.

Bon, nitaandika hapa vile ninafanyaka wakati kamarade ananipa hifadhi yake (faili ya mchezo wake) niiangalie. Mara mingi mchezo haiko na kasoro yoyote, inafwata fizikia na inafwata amri, na ile amri uliitoa weye mwenyewe ama ule mwenye kutengeneza senario aliitoa mbele yako na haukuiona. Mbele kombora ya kujikinga itoke mu lanseri, mchezo unajiuliza mambo kwa kufwatana: kitu inaonekana? inajulikana ni ya adui? niko na ruhusa ya kuipiga? silaha inaweza kufika pale na kuna rada ya kuiongoza? Kama jibu moja ni hapana, hakuna kurusha. Na hata kama yote ni ndiyo, inabakia bado kupiga kweli, na hiyo ni kura, namba yenye mchezo unatoa kwa bahati. Kazi yako ni kujua paka wapi ilikwama.

Soma mbele ya kugusa

Kitu ya kwanza bantu banafanyaka ni kufungua doktrini (meza ya amri za vitengo), kuweka kila kitu Free (ruhusa ya kupiga), kuwasha rada zote, kuongeza salvo (hesabu ya makombora ya kurusha pamoja), kisha kombora inapigwa na banafurahi. Lakini hawajui ni gani njo ilirekebisha, na mu senario ingine tatizo inarudi na sura ingine. Hapana kufanya vile. Rudi mu hifadhi ya mbele ya shambulizi, simamisha saa, fungua logi ya ujumbe na uache mchezo utembee polepole.

Logi inakuonyesha njia tatu tu. Kama hakuna mstari hata moja wenye kusema kombora imeonekana mpaka inalipuka, tatizo ni macho, acha kabisa kugusa ruhusa za silaha. Kama imeonekana lakini hakuna kurusha, tatizo ni ruhusa ama silaha yenyewe. Kama ilirusha na ikakosa, ile ni hesabu, na logi inakuandikia hesabu yote: asilimia ya kuanzia, nini ilipunguza, na namba ya kura ilitoka ngapi. Ukijua uko mu njia gani, nusu ya kazi imeisha.

Kisha kuna kitu moja bantu mingi hawaitumiagi na ni yenye faida kupita yote. Chagua betri ama manowari, jaribu kumpa shabaha kwa mkono na Shift+F1, si kwa kumwachia mashini. Dirisha inafunguka na silaha zote, na kando ya kila silaha yenye kukatala mchezo unaandika sababu: shabaha iko mbali, iko karibu sana, iko chini sana kwa hii silaha, hakuna rada ya kuongoza, WRA (meza ya kanuni za kila silaha) inakataza. Mchezo wenyewe unakuambia, na muntu anapita siku nzima kuuliza bengine.

Kama haionekani

Anza na F9, ni dirisha ya sensa. Rada imewaka? Usiseme "ndiyo niliwasha", angalia. EMCON, ni kusema amri ya kuwasha ama kuzima rada, inashuka toka upande mzima, inapita mu misheni, mu kikundi, mpaka ku kitengo, na kitengo kwa kawaida kinatii ile ya juu. Unaweza kuwa uliwasha rada ya meli asubuhi, kisha ukaiingiza mu misheni yenye EMCON ya kunyamaza, na meli ikazima bila kukuuliza. Kama unataka meli moja isitii, toa alama pale imeandikwa kwamba kitengo kinatii EMCON, kisha washa rada kwa mkono. Mu doktrini kuna pia chaguo ya kuacha EMCON wakati kitengo kinashambuliwa, ni nzuri, lakini elewa kwamba inasaidia kama kitengo kinajua kwamba kinashambuliwa. Rada zimezimwa, kombora inakuja chini chini na haijawasha bado kichwa yake ya kutafuta, nani atamwambia?

Na usifikiri hiyo ni makosa ya bachezaji tu. Tarehe 14 Julai 2006 meli ya Israel INS Hanit ilikuwa mbele ya pwani ya Lebanon, ikapigwa na kombora ya C-802, bantu 4 bakakufa. Meli ilikuwa na vifaa vyote vya kujikinga, lakini mfumo haukuwashwa, juu hawakungojea kombora ya vile pale. Mu 1982, HMS Sheffield ya Uingereza ilipigwa na Exocet, kombora ya kupiga meli, tarehe 4 Mei wakati ilikuwa inatumia simu ya setelaiti, na ile simu ilikuwa inaziba kifaa chake cha kusikia rada za adui. Command inakuruhusu kufanya makosa ya vile vile, inakuachia tu.

Sasa rada imewaka na bado haioni. Hapa njo pale nataka tukae kidogo, juu hapa njo kunatoka robo tatu ya kelele. Bantu banasoma mu database kwamba rada ile inaona kilometa 300, na banachora duara ya kilometa 300 mu kichwa yao. Duara ile ni ya kitu ya juu sana. Dunia ni mviringo na rada inaona karibu mu mstari wa kunyoka, kwa hiyo kitu ya chini inajificha nyuma ya upeo. Ukisimama chini ya sheminee ndefu ya Gécamines, ile ya kiwanda hapa mjini, unaona ukuta wa jirani, ule angepanda kule juu angeona mpaka nje ya mji, na macho ni yale yale.

Hesabu yake kalkuleta ya simu inatosha. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa kombora kwa mita, zidisha na 4.12, inakupa kilometa. Antena ya manowari iko mita 20 juu ya maji, kombora inaruka mita 5 juu ya maji: 4.5 na 2.2 ni 6.7, mara 4.12 ni kama kilometa 28. Basi. Rada ya kilometa 300, ya kilometa 500, ya bei yoyote, ile kombora itaonekana ku kilometa 28 tu na si mbele. Kombora yenye kwenda karibu na Mach 0.85, ni kusema mita 290 kwa segonde, inakumaliza ile njia mu dakika moja na nusu na kidogo. Ile ya mbio kupita sauti, mita 850 kwa segonde, iko na segonde 33. Soma tena: segonde 33 toka kuonekana mpaka kugonga.

Ukiweka ndege ya rada ku mita 9,000 hesabu ile ile inatoa kama kilometa 400. Ndiyo maana bachezaji ba zamani banalia kila mara "weka AWACS, weka AWACS", si mapambo.

Kwa nchi kavu ni mbaya zaidi juu kuna milima, na mchezo unaihesabu kweli. Siye bahari tunayo mbali, tulijaribu hapa hapa Katanga, ramani ya Command iko na dunia mzima: betri mu bonde la Lufira, kombora ya kruzi inatoka upande wa Luapula, na katikati pleto ya Kundelungu. Rada yenye kuandikiwa zaidi ya kilometa 100 haikuona kitu mpaka kombora ilitokea ku ukingo wa pleto, na pale ilibakia muda wa kukohoa tu. Tukapandisha rada juu ya pleto, mambo ikageuka. Kuna chombo ya mstari wa kuona ndani ya mchezo, itumie mbele ya kuweka betri, inakuonyesha nini imefichwa na milima ukiwa pale. Usichague mahali juu ni karibu na mji ama juu inaonekana nzuri mu ramani.

Jaming ya adui (kuziba rada yako kwa mawimbi), rada yenye kuharibika, mchana ama usiku kwa kamera za joto, hizo zipo pia, angalia haraka mu F9 na mu dirisha ya uharibifu na upite.

Inaona, lakini haipigi

Hapa bantu banakasirika zaidi, juu kombora iko pale ku skrini, kila muntu anaiona, na betri imenyamaza sawa jiwe.

Kwanza uliza: nani anaiona? AWACS yako inaona, inatuma habari kwa bote, alama inatokea ku ramani yako, lakini meli yenye kupaswa kupiga iko na upeo wake wa kilometa 28. Kombora ya SM-2, ya kujikinga ya meli za Marekani, inahitaji rada ya kumulika ya meli yenyewe mu mwisho wa safari, na ile rada ya kumulika haiwezi kumulika kitu iko nyuma ya upeo. Kwa hiyo weye unaona dakika kumi mbele, na meli inangojea, na ni sawa kabisa ingojee. SM-6 iko na kichwa yake ya kutafuta na inaweza kupiga mbali kupita upeo kama kuna mwenye kuilisha habari, sasa kama una meli mbili na moja inapiga mbele ya ingine, mbele ya kupiga kelele angalia zimebeba kombora gani.

Hizi rada za kumulika ziko na idadi pia. Meli ya Marekani ya aina ya Ticonderoga iko na 4, ya aina ya Arleigh Burke iko na 3. Si kusema inaweza kupiga vitu 3 tu, juu SM-2 inamulikwa mu segonde za mwisho tu na rada inahama toka shabaha moja kwenda ingine, lakini makombora nane yakifika pamoja mu segonde zile zile, kuna zenye kungojea zamu. Ukiona mu Shift+F1 imeandikwa hakuna rada ya kuongoza na rada haijaharibika, mara mingi ni hiyo: zote ziko na kazi. S-300PMU rada yake ya kuongoza inashika shabaha 6 na makombora 12, ya saba inangojea.

Pili, ruhusa. Kwa vitu vya anga kuna hali tatu: Hold, usipige kitu isipokuwa kwa mkono, Tight, piga paka ile yenye kujulikana ni adui, Free, piga kila kitu isiyo rafiki. Senario mingi inaanza na Tight, na alama ya shabaha ingali ya manjano, haijulikani, kwa hiyo betri inatii. Rangi ya alama njo inakuambia. Manjano na Tight, hakuna kurusha. Unaweza kumtaja adui kwa mkono, ama kutuma ndege ikaangalie, ama kuweka Free. Lakini Free na uangalifu, juu mchezo unaweza kujaza anga na ndege za abiria na zote zinaanza manjano. Mu 1988, tarehe 3 Julai, manowari ya Marekani USS Vincennes iliangusha ndege ya abiria ya Iran Air 655 na bantu 290 bakakufa, na tarehe 23 Machi 2003 betri ya Patriot ya Marekani iliangusha Tornado, ndege ya vita ya Uingereza, rafiki, na bantu babili ba ndani bakakufa. Mwenye kutengeneza senario anaweza kukukata pointi zote kwa ndege moja ya abiria, na ni haki yake.

Kuna mtego moja hapa wenye bantu mingi hawajui: uadui mu Command hauko wa pande zote kwa nguvu. Upande A unaweza kumwona B adui, na B anamwona A jirani tu. Kama umetengeneza senario weye mwenyewe na adui wako anaachia makombora yako yapite bila kujikinga, fungua editor, angalia msimamo wa kila upande kuelekea mwenzake, mara mbili, kwenda na kurudi. Kamarade moja wa Katuba alitengeneza vita nzuri sana, meli kumi na tano, na upande moja ulikuwa unaomba amani peke yake.

Tatu, doktrini ya kurithi. Ctrl+F9 juu ya kitengo. Kila chaguo iko imerithiwa ama imewekwa pale pale. Ukibadilisha ile ya upande mzima, kitengo chenye kuwekwa peke yake hakitasikia. Na ukibadilisha kitengo, misheni yake haitabadilika. Mu senario zenye kutoka kwa bengine utakuta betri moja, paka moja, yenye Hold ya kibinafsi, ilisahauliwa pale ama iliwekwa kwa makusudi. Chaguo zingine zimefungwa na mwenye senario, muchezaji haiwezi kuzigusa, zinaonekana kijivu, na hapo usipoteze muda, fungua senario mu editor kama unataka kujaribu ama ukubali sheria yake.

Nne, WRA. Ile meza inasema kwa kila silaha na kila aina ya shabaha: rusha ngapi, bangapi barushe pamoja, ku umbali gani, na umbali gani kwa kujikinga. Mistari ni mingi, inachosha macho, lakini majibu mingi ya ajabu iko pale. Kombora ya chini chini ya polepole ni mstari wake, ya mbio ni mstari wake, ya balistiki ni mstari wake. Muntu anaweka "usipige" kwa makombora ya balistiki ili kuhifadhi, kisha anasahau, kisha anashangaa.

Tano, pembe. Silaha haizunguke zote. Meli ya aina ya Oliver Hazard Perry iko na Phalanx (mzinga wa kujikinga wa karibu) moja tu, nyuma, juu ya hanga, na mbele ya meli haiione. USS Stark ilikuwa ya aina hiyo: tarehe 17 Mei 1987 makombora mbili ya Exocet toka ndege ya Irak ilipiga upande wa kushoto, Phalanx ilikuwa mu hali ya kungojea tu, bantu 37 bakakufa. Mu mchezo, geuza meli ili silaha ione kombora, na uigeuze mapema, meli haigeuke sawa pikipiki. Patriot pia rada yake inaangalia upande moja, kama umeiweka mgongo kwa adui itabakia mgongo.

Inapiga mpaka inaisha

Hii ni ugonjwa wa kinyume na dawa yake ni fupi. Angalia mu doktrini pale inaruhusu makombora ya anga kutumika kwa meli. Ikiwa ndiyo, meli yako ikiona boti ya adui karibu inaweza kumalizia SM-2 juu yake, na shambulizi ya anga ikifika lanseri ni tupu. Weka hapana, isipokuwa hauko na silaha ingine.

Kisha rudi mu WRA. Mbili kwa kila kombora ni kawaida na iko na maana: kama moja iko na asilimia 60 ya kupiga, mbili zinatoa 84, tatu zinatoa karibu 94. Unaona vile ya tatu inaongeza kidogo? Ya nne inaongeza kidogo zaidi na inakula sawa ile ya kwanza. Kwa kombora ya polepole yenye kuonekana mbali, moja moja na kuangalia inaweza kutosha juu uko na muda wa kurudilia. Kwa ile ya mbio hauko na muda, weka mbili ama tatu kwa mara moja. Na umbali wa kurusha: kurusha ku mwisho kabisa wa uwezo wa silaha ni kuitupa, kombora inafika imechoka, shabaha inageuka kidogo tu na basi. Kwa ndege, ninawekaka robo tatu ya umbali, ni ladha yangu, bengine banaweka nusu.

Makombora ya ndani ya meli si zote ziko tayari pia. Zile za mu lanseri njo zinaruka, zile za stoo zinangojea kupakiwa na kupakia kunakula muda, kwa zingine haiwezekani kabisa ukiwa mu vita. Usihesabu stoo.

Inapiga na inakosa

Fungua logi mu mistari ya mwisho ya kombora. Utaona asilimia ya kuanzia, kisha kile kilipunguza, kisha kura. Kama asilimia ilibakia 55 na kura ilitoka 71, ni kusema kupita 55, hakuna kasoro, ni bahati mbaya. Bantu hawapendi jibu hili na ninaelewa. Lakini kama asilimia ilianguka mpaka 15, pale kuna kitu ya kutafuta: ulirusha mbali sana, ama shabaha iko chini sana kwa ile silaha, ama inacheza mu segonde za mwisho.

Kwa meli, angalia muda kupita asilimia. Turudi ku zile kilometa 28. Tuseme bahudumu banahitaji segonde 15 toka kuona mpaka kurusha (bahudumu ba Novice banachelewa, ba Veteran na Ace banafanya mbio, ni chaguo ya senario). Kombora ya polepole mu segonde 15 imekula kilometa 4 na nusu, inabakia 23 na nusu, kombora yako ya mita 900 kwa segonde inakutana nayo kama kilometa 18 toka meli. Ikikosa, kungali nafasi ya pili, ya tatu, kisha Phalanx. Sasa weka ile ya mita 850: mu segonde 15 imekula karibu kilometa 13, inabakia 15, mnakutana ku kilometa 8, na ikikosa inabakia segonde 9. Nafasi ya pili ni kwa rehema. Phalanx inapiga vizuri ku kilometa moja na nusu, ile kombora inaipita chini ya segonde 2. Kwa hiyo kama meli moja peke yake imepigwa na makombora manne ya mbio, hapana kuniletea hifadhi, hakuna chaguo ya doktrini itakuokoa pale. Weka ndege ya rada juu, weka meli ya pili kando, ama piga yule mwenye kurusha mbele arushe. Hiyo ya mwisho ni bora kupita zote.

Kujaribu vizuri

Tengeneza senario ndogo: pande mbili, betri moja, kombora moja, hali ya hewa nzuri, bila misheni. Inapiga? Ongeza kitu moja. Inapiga bado? Ongeza ingine. Pale inaacha kupiga, umepata. Inachukua muda kidogo kupita kubishana usiku mzima. Rudilia kila jaribio mara kadhaa juu kuna kura ndani, mara moja haionyeshe kitu.

Usijaribu na saa ya mchezo mbio sana. Ukiweka mwendo wa juu kabisa, mchezo unahesabu kwa vipande vikubwa vya muda, na kwa kombora ya mbio kipande kikubwa ni njia ndefu. Mashini zetu mingi ni laptopu za okazyo, weka polepole wakati makombora iko hewani. Na hifadhi kwa mkono mbele ya kila jaribio, juu umeme hapa hauombe ruhusa, onduleri yako inakupa dakika kidogo tu na hautaki kuzitumia kukumbuka uliweka nini wapi.

Kasoro ya kweli iko, sikatai. Inajulikana na tabia yake: inarudi ile ile mu senario ndogo, hata ukibadilisha mahali na hali ya hewa. Hata vyuma vya kweli vinakuwaka nazo. Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991: betri ya Patriot ilikuwa imewaka kama saa 100 bila kuzimwa, hesabu yake ya saa ikapotoka segonde 0.34, ikatafuta kombora ya Scud mahali haiko, haikurusha, basoldati 28 ba Marekani bakakufa. Kosa ilikuwa inakua kila saa yenye kupita. Kwa hiyo kama yako inatokea tu kisha senario imetembea muda mrefu, andika hiyo pia, ni habari kubwa.

Angalia kwanza database. Senario ya zamani inaweza kuwa imefungwa na database ya zamani, na silaha yenye kuwa na kosa mule ilisharekebishwa mu mpya. Ifungue mu editor, ipandishe ku database mpya, jaribu tena.

Kama bado, na unataka tukuangalilie, leta hifadhi ya dakika moja ama mbili mbele ya kombora kuonekana, si ya kisha mlipuko juu pale hakuna tena kitu ya kuona. Andika namba ya vershoni ya mchezo na ya database, jina la kitengo chenye kukatala, jina la kombora ya adui, na sababu gani ilitokea mu Shift+F1, neno kwa neno. Picha ya skrini kwa simu inatosha, lakini panguza kioo mbele.